Tulipima Televisheni kwa Kanda ya Matanga

Mliponiaga dukani juzi nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye sasa hana mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni na inafanya kazi, asanteni. Kisha yule anayesimamia upande wa televisheni akanivuta kando, akaniomba nimwandikie jinsi ya kumsaidia mteja kuchagua, kwa sababu wateja wanamhangaisha. Wanataka kujua kama paneli hii, yaani kioo cha picha, ni bora kuliko ile, na kwa nini televisheni mbili zenye fo-kei ileile, yaani idadi ileile ya vidoa vya picha, na ukubwa uleule ziwe na bei zisizofanana hata kidogo. Naye hana jibu ila kuwasomea yaliyoandikwa kwenye boksi. Boksi halijawahi kutazama televisheni.

Mimi sikusomea paneli darasani. Nilichojua nilikijua Homa Bay na Migori miaka ya tisini, wakati televisheni ilikuwa na tyubu, yaani kile kioo kizito chenye mgongo mrefu kilichojaza boksi zima. Kuibeba peke yako ilikuwa kujitafutia maumivu, na kiuno changu bado kinakumbuka. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na mshahara haukuwa na la kusimulia. Nitawaeleza tulivyoitazama picha, kisha nitawaeleza habari za mama mmoja wa Sori, maana bila yeye hayo mengine ni maneno ya boksi tu.

Nilianzia kwa Mzee Odongo, fundi wa redio na televisheni pale Homa Bay, aliyekuwa na chumba nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikianza kunguruma, kila kitu mezani kilitetemeka, na unga ulipenya hadi ndani ya televisheni za watu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati safi na bisibisi mpya iko mfukoni, nikitarajia kufungua kitu. Mzee Odongo alibandua ukutani kioo chake cha kunyolea ndevu, akanipa, akaniambia nisimame mbele ya televisheni nikishike. Yeye alikuwa nyuma yake akizungusha vitufe vya ndani, na kupitia kioo kile aliiona picha bila kuzunguka. Nilikishika mpaka jioni. Kila nilipolegeza mkono, sauti ilitoka nyuma ya boksi ikiuliza, "Umelala?"

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mama yangu kwamba nimeajiriwa kuwa ukuta. Ilinichukua muda kuelewa. Mtu anayeshika kioo cha kunyolea mbele ya televisheni hana kazi nyingine ila kuitazama picha. Ataiona ikipanda, ikishuka, ikitiwa ukungu na kutakata, na akishachoka kukasirika ataanza kuona tofauti ambazo mwenye televisheni hazioni. Mzee Odongo hakuwa na njia nyingine ya kufundisha, na sijui kama iko nyingine.

Sharti la pili lilikuwa mkono mmoja mfukoni. Tyubu huweka umeme ndani yake hata baada ya kuzimwa, na ukiigusa kwa mikono miwili umeme hupita kifuani. Siku niliyosahau nilijikuta nimekaa sakafuni karibu na mlango, na Mzee Odongo akaniuliza kwa upole kama kuna mahali nilikuwa naenda. Sikusahau tena.

Alikuwa akisema kwamba kila kitu ndani ya televisheni kinabadilishika isipokuwa tyubu. Tyubu ikichoka, hata ukibadilisha vingine vyote, umebaki na boksi zuri la kuwekea kitambaa na maua ya plastiki. Kwa hiyo mtu akija kuomba ushauri kabla ya kununua, Mzee Odongo alifuatana naye hadi dukani na kuitazama tyubu kwanza. Aliiwasha ikiwa baridi. Picha iliyojitokeza polepole, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ilikuwa ya tyubu iliyochoka. Alizipunguza rangi hadi zikaisha kabisa, na kama nyeusi na nyeupe zilizobaki zilikuwa na wekundu au ukijani, alijua kuna ugonjwa uliofichwa na rangi. Alitazama maandishi meupe yanayopita chini wakati wa habari, kama kingo zake zimekatwa vizuri au zimevimba. Alitazama pembe. Mwisho akatoa kanda mfukoni na kumwomba mwenye duka aiweke kwenye deki ya video.

Ilikuwa kanda ya matanga ya baba yake.

Wenye maduka hawakuipenda. Wao walionyesha kanda za maua, ndege wa rangi na milima ya theluji, na kila televisheni hupendeza ikionyesha theluji. Kanda ya Mzee Odongo ilipigwa mchana wa jua kali. Kulikuwa na tenti, na chini ya tenti wazee wa Kijaluo weusi tititi, wamevaa suti nyeusi, wamekaa kivulini, na nyuma yao uwanja mzima ulikuwa unawaka jua. Sijaona tangu siku hiyo picha ngumu zaidi kwa televisheni. Tyubu iliyochoka iliwageuza wale wazee kuwa doa moja lenye makola meupe. Tyubu nzuri ilikuonyesha nani analia na nani anasinzia.

"Hii mashine ilitengenezwa na watu wengine wakifikiria watu wengine," aliniambia mara moja, tukiwa njiani kurudi. "Sisi tutakuwa tunaangalia watu wetu. Usiangalie mahali iko na mwanga. Mwanga kila TV inajua. Angalia kwa giza, uone kama kuna mtu."

Maneno hayo nimeyatumia maisha yangu yote, na nyinyi mnaweza kuyatumia kesho asubuhi. Hizo piseli mnazozihesabu, vile vidoa vya picha, ni idadi tu. Paneli mbaya ina piseli nyingi sawasawa na paneli nzuri, ila kwenye kivuli zote zinasema kitu kimoja.

Kanda hiyo ilituletea vituko pia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio yake alisikia vilio tangu mlangoni, akavua kofia, akaingia akaketi kwenye benchi akiwa ameinamisha kichwa. Alitupa pole sisi wote wawili kabla ya kugundua kwamba marehemu alikuwa ndani ya deki. Mzee Odongo alizipokea zile pole kwa heshima zote. Alisema baba yake bado anastahili.

Macho ya mzee yalipoanza kumsumbua, alifunga kazi, akanituma Migori kwa mfanyabiashara aliyemjua, Bwana Salim. Alinipa nakala ya kanda na kile kioo cha kunyolea. Bwana Salim alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa Migori na biashara ya vitambaa, kisha vitambaa vikazaa chupa za chai, chupa za chai zikazaa redio, na redio zikazaa televisheni. Alikuwa na duka la mbele la kuuzia na chumba cha nyuma cha kutengenezea, na pazia katikati. Niliweka kanda ya matanga mbele mara moja tu. "Mwanangu," aliniambia, "hapa mbele nauza furaha. Hayo yapeleke nyuma ya pazia."

Basi nikayapeleka nyuma, na huko nilikuwa na televisheni ndogo ya inchi kumi na nne niliyoipa jina la Kadogo. Ilikuwa imekwaruzwa mbavuni na kitufe kimoja kimeng'oka, lakini tyubu yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika. Nani ajuaye, labda siku ile kiwandani waliamka vizuri. Kadogo haikuwa ya kuuzwa. Kila televisheni iliyoingia tuliiweka kando yake, kanda ileile, na Kadogo ikawa ndiyo inayosema ukweli.

Wateja wetu walinipa tabu na raha. Watu wa miwa kutoka Awendo walikuja na pesa za mavuno wakitaka kubwa na yenye kelele. Waliipigapiga ubavuni kama watu wanaochagua tikitimaji. Wafugaji wa upande wa mpaka walitaka kujua kwanza kama itakunywa betri nyingi, swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia tangu hapo. Mwalimu mmoja alinunua kubwa kuliko mlango wa nyumba yake, tukabomoa fremu. Karibu wote waliamini kwamba ukubwa wa kioo ndio uzuri wa kioo. Sikuwacheka, kwa sababu ni kosa lenye akili ndani yake. Ukitaka kuona kitu vizuri, si unakisogeza karibu?

Mama Otieno naye aliamini hivyo.

Alifika asubuhi ya siku ya soko, kutoka Sori, kule ufukweni, ambako aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alisimama mlangoni kwanza akituomba radhi kwa harufu, na Bwana Salim akamwambia kwamba harufu ya kazi haiombewi radhi, apite. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye leso. Nilidhani ni pesa. Pesa zilikuwa kwingine. Ndani ya leso kulikuwa na kanda ya video.

"Nataka ile kubwa," alisema, akionyesha televisheni kubwa kuliko zote dirishani. "Lakini kwanza weka hii nione."

Wakati naunganisha deki alitueleza, na alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Otieno, mtoto wake wa mwisho, alikuwa mpakiaji kwenye malori ya miwa kule Awendo. Lori moja lilipinduka na mzigo wake, naye alikuwa juu. Kitambulisho chake kilichukuliwa kwa chifu walipoandikisha kifo, kama ilivyo desturi, na ndani ya kitambulisho ndimo ilimokuwa picha yake pekee. Mtu hafikirii picha siku kama hiyo. Miezi ilipopita ndipo mama akaanza kuitafuta sura ya mwanawe na kuona kwamba inampotea. Jina lipo, sauti ipo, miguu yake anaikumbuka, lakini uso ulikuwa unafutika. Alilisema hilo bila kulia, na mimi nikajikuta nashughulika sana na waya.

Kilichobaki ni kanda ile. Ilikuwa ya mazishi ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, yaliyofanyika Otieno akiwa hai. Asubuhi ya siku hiyo mama alimpigia pasi shati la maua mekundu alilomnunulia mitumbani, akamwona akitoka nalo. Yeye mwenyewe alishinda jikoni nyuma ya nyumba pamoja na akina mama wengine, wakipika, hakumwona tena mpaka jioni. Kwenye kanda shati lilikuwepo. Alikuwa anaenda kwa mwalimu mwingine, jirani yake wa Sori mwenye televisheni ndogo, kulitazama shati lile likipita na jeneza begani. Alienda mara nyingi mpaka mke wa mwalimu akaanza kumpokea kwa ukimya. Ndipo akaamua kununua yake.

Kanda ilizunguka. Jeneza likaja, limebebwa na vijana, na mmoja wao alikuwa na shati la maua mekundu linalowaka kioo kizima. Juu ya shati hapakuwa na uso. Palikuwa na giza lenye umbo la kichwa, na nyuma yake uwanja mweupe wa jua.

Mama Otieno aliinuka akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Kwa mwalimu ni ndogo, ndio maana sioni yeye vizuri," alisema. "Nilifikiria hii kubwa itafungua uso."

Niliongeza mwangaza. Uwanja ukateketea, maua ya shati yakavuja nje ya shati, na ule uso ukawa jivu. Nikapunguza, ukarudi kuwa kaa. Televisheni ile iliwahi kutumika ng'ambo, hotelini nadhani, ikiwaka kutwa bila mtu kuitazama. Bwana Salim aliinunua hivyo na aliiuza hivyo, hakumficha mtu. Tyubu yake ilitosha kwa mpira na nyimbo. Lakini ukubwa wake ulikuza kila kitu pamoja na giza, na mama alikuwa amelisafiria giza kubwa zaidi.

Bwana Salim aliniita kando kwa kidole. Aliniuliza kama kuna televisheni dukani itakayomwonyesha mtoto wake. Nikamwambia dukani hakuna, ila nyuma ya pazia ipo.

"Kadogo si ya kuuza," alisema.

Nikamwambia najua.

Alisimama akikuna ndevu, akimtazama yule mama ambaye bado alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, pale palipokuwa uso. Mteja mwingine yeyote angekuwa amekwisha kuandikiwa risiti. "Kamwonyeshe," akasema.

Tulimkalisha kwenye stuli yangu nyuma ya pazia. Nilifunga dirisha pia, maana ukitaka kuona ndani ya kivuli, chumba nacho kiwe na kivuli. Jeneza likaja tena, dogo mara hii, na vijana wale wale. Na kwenye Kadogo walikuwa na nyuso. Yule wa shati la maua alikuwa na jasho kwenye paji la uso na alikuwa ameuma mdomo wa chini kwa uzito wa jeneza. Nilifurahi. Niligeuka kumtazama mama ili nione furaha yake.

Mikono yake ilikuwa imeanguka mapajani.

"Huyu si yeye," alisema. "Huyu ni Ochieng'. Mtoto wa dada ya bwanangu."

Kanda iliendelea kuzunguka. Nawaambia vijana wenzangu, nimewahi kuchoma mashine ya mtu, nimewahi kuangusha televisheni ngazini, lakini hakuna siku niliyotamani dunia irudi nyuma kama siku hiyo. Alikuja na mtoto asiye na uso, na mimi kwa ufundi wangu nikamnyang'anya hata huyo. Nilinyoosha mkono nizime deki. Bwana Salim alikuwa amesimama kwenye pazia, naye akanitikisia kichwa nizime.

"Usizime," mama alisema. "Wacha iende."

Ikaenda. Ikafika sehemu ambayo kwa mwalimu walikuwa wanaipeleka mbele kila mara, kwa kuwa hapakuwa na cha kuona. Mpiga video aliingia na kamera chini ya tenti wakati wa chakula. Kwenye televisheni kubwa sehemu hiyo ingekuwa weusi mtupu na sahani zinazoelea. Kwenye Kadogo ilikuwa watu. Wazee kwanza, kisha akina mama na watoto, kisha kamera ikateleza hadi mwisho kabisa, karibu na kamba za tenti, ambako vijana watatu walikuwa wamechuchumaa wakila sahani moja. Wa katikati alikuwa amevaa koti zito la kahawia, kubwa kwake, limefungwa vifungo mpaka kooni kwenye joto lile. Mwenzake alimnong'oneza kitu. Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kwa sababu ulikuwa umejaa, na kabla kamera haijageuka aliinua macho akatutazama.

Mama Otieno alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akaziba mdomo, akacheka, akainua macho. Nikarudisha tena na tena, mpaka deki ikapata moto. Mama alikuwa anacheka wakati uleule mwanawe anacheka, na machozi yanamtoka, hayafuti.

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, na hakuwa anasema na mimi. Kisha akanigeukia. "Hiyo koti ni ya baba yake. Mimi nilikuwa nimeificha kwa sanduku, hakuna mtu anavaa koti ya baba yake hivi hivi. Siku hiyo jioni nikapata imelowa jasho. Nikamgombeza sana. Nikamuuliza, koti ya marehemu unapeleka wapi? Akanyamaza tu. Hakuniambia."

Akaanza kuyapanga moja moja. Ochieng' alikuwa amekuja mazishini kutoka Takawiri, kule kisiwani, na ni yeye aliyepangiwa kubeba jeneza la mjomba wake mbele ya watu wote na mbele ya kamera. Mama alikumbuka sasa kwamba kijana yule hakuwahi kuwa na shati lisilo na tundu.

"Alimpea shati yake," alisema. "Akarudi nyumbani akachukua koti, akaenda kukaa huko kwa giza watu wasimwone. Na mimi nikamgombeza."

Neno lililofuata lilikuwa la Bwana Salim, na halikuwa la faraja, lilikuwa la biashara, na mpaka leo naona lilikuwa bora zaidi. Alinipita, akachomoa waya wa Kadogo ukutani.

"Ifunge vizuri," aliniambia. "Mwenyewe amefika."

Alimwongezea inverta, ya kuiendesha kwa betri ya gari, na deki kuukuu iliyokuwa na tabia ya kutafuna kanda, ambayo niliitengeneza hadi alasiri huku mama akinywa chai na wake wa Bwana Salim. Nilimtolea nakala ya kanda, nikamkanya asisimamishe picha mahali pamoja, kwa sababu kichwa cha deki huichubua kanda mpaka picha ikafa. Aiache ipite, nilimwambia, airudishe, aiache ipite tena. Nilimwonyesha aiweke pembeni pasipofika jua. Alinisikiliza kama ninyi mnavyotakiwa kuwasikiliza wateja wenu. Tukabaki bila televisheni ya kupimia, na kwa msimu mzima nilimnung'unikia Bwana Salim, naye akawa ananijibu kwamba nina macho mawili na kioo cha kunyolea.

Kwa hiyo, wewe wa upande wa televisheni, mteja akikuuliza kuhusu paneli, mwulize atakwenda kutazama nini, na katika chumba gani, na mwanga unaingilia wapi. Kisha ondoa zile picha za theluji. Weka harusi ya kwenu, weka mazishi, weka ibada iliyopigwa ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. Mwache akae. Usimwambie lolote. Kama mtu aliyeko kivulini anaonekana, mengine yaliyoandikwa kwenye boksi atayasoma nyumbani.

Nilifika Sori baadaye, nimeitwa kutengeneza redio ya mtu, nikapitia kwa Mama Otieno kuiona Kadogo. Ilikuwa pembeni pasipofika jua, kama nilivyomwelekeza, imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Juu yake, kwenye msumari, lilining'inia koti la kahawia. Sandukuni halikurudi. Niliikagua tyubu kwa mazoea tu, ilikuwa nzima. Mama alinichemshia chai, akaniambia haitazami kila siku tena. Siku nyingine inatosha kujua ipo.

Niliuliza anafanyaje kuhusu betri, maana mahali pa kuchajia palikuwa mbali na betri ya gari si mzigo wa mama. Akasema kuna mtu wa kumpelekea, aliyehamia hapa kutoka kisiwani, hajakosa hata mara moja, na huyo hapo anakuja. Nikatazama nje. Kijana alikuwa anapanda njia kutoka sokoni, betri begani, ameuma mdomo wa chini kwa uzito, na nilimfahamu kabla hajafika kwa sababu nilikwisha kumwona kwenye kanda akibeba jeneza. Alikuwa amevaa shati la maua mekundu, limefuliwa na kupigwa pasi.

Mama aliona ninalitazama.

"Tulipozika Otieno, huyu alikuja ameivaa. Nilifikiria aliiazima juzi juzi tu, nikamwambia alete, nikaiweka kwa nguo za Otieno," alisema. "Siku nimetoka kwa duka yenu nikamrudishia. Mwenyewe alikuwa amempea. Mimi ni nani nimnyang'anye?"